Mtoto Aachwe Acheze, Mwenye Cheo Achekwe

Kwa miaka mingi kila aliyefanya kazi nami alijua sharti langu: mtoto wa mwanasiasa haguswi jukwaani. Sikuuliza ana umri gani, ana cheo gani, wala ameingiaje kwenye habari. Madhali ni mwana wa fulani, aachwe. Leo sisemi hivyo tena. Mtoto mdogo bado namtetea, na kwa ukali zaidi kuliko zamani. Lakini wana na mabinti wa wakubwa waliokwisha kukua, wakapewa ofisi, majeshi na nafasi kwenye karatasi za kura, hao nimewatoa katika hifadhi ile. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya vijana wanaoingia katika uchekeshaji hapa Afrika Mashariki, maana nawaona wakivutwa na sauti mbili. Moja inawaambia hakuna kisichofanyiwa mzaha. Nyingine inawaambia familia za wakubwa ni mwiko. Nimeishi na hiyo ya pili muda mrefu, na najua ilikonifikisha.

Mimi ni binti wa diwani. Baba aliingia katika baraza la mji wetu, pwani ya Kenya, zamani kabla Katiba ya 2010 haijatuletea serikali za kaunti. Mtoto wa diwani si mtoto wa rais. Hana mlinzi wala gari la serikali. Anasoma shule ya mtaa, anapanga foleni bombani na wenziwe, na anakaa dawati moja na watoto ambao usiku uliopita walimsikia mama yao akimlaani baba yake. Nilipokuwa darasa la sita, baraza lilipandisha ushuru wa soko. Akina mama wa mboga, ambao walikuwa wakilipa kila asubuhi kabla hawajauza hata fungu moja la mchicha, wakatakiwa walipe zaidi. Walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Mwaka huohuo shule yetu ilifanya harambee ya kujenga madarasa. Turubai likatandwa uwanjani, wageni wa heshima wakaketi meza kuu, baba akiwa mmoja wao, na mshereheshaji akapewa kipaza sauti. Alikuwa mtu wa mtaani kwetu, mwenye kipaji cha kweli; hata matangani watu walicheka akiwapo. Kwaya yetu ilipojipanga mbele, akaniona.

"Hebu mtazameni binti wa mheshimiwa," akasema. "Viatu vinawaka! Akina mama, ushuru wenu wa leo asubuhi umo mle kwenye soli."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanawake waligongana viganja. Mwalimu wetu akasubiri kelele zipungue, akainua mkono, tukaanza kuimba. Niliimba wimbo wote nimeuficha mguu mmoja nyuma ya mwenzake, nikibadilisha, wa kulia kisha wa kushoto, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kuificha yote miwili. Viatu vile mama alivipata kwa pesa za cherehani yake, akimlipa mwenye duka kidogo kidogo.

Jumatatu nilikuta nina jina jipya: Risiti. "Risiti, leo umekusanya ngapi?" Mtu akipoteza kalamu darasani, walisema Risiti keshaitoza ushuru. Sisi watoto wa Kenya tumelelewa na mchongoano, na kupigana kwa maneno tunakujua. Mwenzako akikwambia nyumba yenu ni ndogo hata mende wanaingia kwa zamu, unamrudishia lake, na mwenye jibu kali zaidi ndiye anayeondoka na ushindi. Mchongoano sikuwahi kuuogopa. Hili lilikuwa jambo jingine. Aliyelianzisha alikuwa mtu mzima, ana kipaza sauti, ana uwanja mzima nyuma yake. Mimi sikuwa na la kumrudishia. Ushuru sikuupandisha, na wala sikujua ushuru unapandishwa vipi. Jina lile lilinifuata mpaka nikamaliza darasa la nane.

Sharti langu lilizaliwa pale. Nilijiambia kwamba mtu akiwa na ugomvi na mwanasiasa, amalizane na mwanasiasa, nyumbani kwake asikanyage. Nililibeba neno hilo hadi utu uzima, na halikunipa shida yoyote, kwa sababu lilionekana kuwa neno la huruma, na nani anabishana na huruma?

Vichekesho vyenyewe sikuvichukia hata siku moja. Nililelewa na vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani kwenye televisheni ya KBC, nikawacheka Mzee Ojwang' na Mama Kayai kama kila mtoto wa rika langu. Humo walisemwa walevi, waume wagumu, majirani wambea na washtakiwa waongo. Rais hakusemwa. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja Redykyulass, vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakamwigiza Rais Daniel arap Moi kwenye televisheni, sauti yake na yote. Nakumbuka watu wazima sebuleni kwetu wakicheka huku wakiutupia jicho mlango. Mwaka 2009 kikafuata kipindi cha XYZ Show, kazi ya mchora katuni Mtanzania Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Gado. Vikaragosi vya viongozi vilikaa mbele yetu vikisema wazi yale ambayo viongozi wenyewe waliyasema faraghani. Nilipoona nchi nzima inajadili asubuhi kile ilichokicheka usiku, nilijua nataka kuwa sehemu ya kazi hiyo. Nikaenda Nairobi, nikawa mwandishi wa skripti, na sharti langu nikaenda nalo.

Ushahidi wa kuliunga mkono haukukosekana, hasa kutoka Marekani, ambako jambo hili limewagharimu watu majina yao. Mwaka 1992, Bill Clinton alipochaguliwa kuwa rais, bintiye Chelsea alikuwa na miaka 12. Kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kikafanya mzaha juu ya sura yake. Maneno yale yakaondolewa kipindi kiliporudiwa, na mwigizaji Mike Myers akaandika barua ya kuomba radhi. Mwaka 2009 mtangazaji wa televisheni David Letterman alifanya mzaha wa mambo ya ngono juu ya binti wa Sarah Palin, gavana wa Alaska. Binti aliyekuwa amefuatana na mama yake katika safari iliyotajwa kwenye mzaha ule alikuwa Willow, wa miaka 14. Letterman alieleza kwamba alimkusudia dada mtu, Bristol, aliyekuwa na miaka 18, lakini mwishowe akaomba radhi mbele ya watazamaji wake. Januari 2017, siku ya kuapishwa kwa Donald Trump, Katie Rich, mwandishi wa Saturday Night Live, aliandika mtandaoni mzaha juu ya Barron Trump, mtoto wa miaka 10. Akaomba radhi, na kazini akasimamishwa. Miongoni mwa waliosimama kumtetea Barron alikuwa Chelsea Clinton, sasa mwanamke mzima, ingawa baba wa Barron ndiye aliyekuwa amemshinda mama yake katika uchaguzi. Kisa hicho nilikisimulia kila nilipopewa nafasi ya kuzungumza na wachekeshaji vijana.

Kilichoanza kunitikisa kilitoka karibu zaidi, Uganda. Desemba 28, 2021, mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa kwa sababu ya maneno aliyoyaandika Twitter. Alikuwa amemkejeli Rais Yoweri Museveni na mwanawe, Muhoozi Kainerugaba, kwa kumwita mwana huyo mnene na mtu asiye na akili. Mwana aliyesemwa alikuwa luteni jenerali na kamanda wa majeshi ya nchi kavu. Kakwenza alishtakiwa kwa kosa la mawasiliano ya kuudhi. Alipoachiwa kwa dhamana Januari 2022 alisema aliteswa kizuizini, na watu wakauona mgongo wake uliojaa makovu. Februari akaikimbia nchi, na baadaye akapata hifadhi Ujerumani.

Nilizitazama picha za mgongo ule kwa muda mrefu. Mimi nisingeandika kichekesho juu ya unene wa mtu, na hadi leo siandiki. Maumbile ya mtu hayajawahi kumwonea raia yeyote. Lakini nililazimika kujiuliza sharti langu lingesema nini pale. Lingesema: Kakwenza alimgusa mtoto wa rais, kwa hiyo alivuka mpaka. Na hayo ndiyo maneno ambayo waliomkamata wangependa kuyasikia. Sharti nililolitunga kwa ajili ya msichana wa kwaya lilikuwa tayari kumtumikia kamanda wa jeshi, bila hata kubadilishwa neno moja.

Mwaka huohuo wa 2022 Kenya ilikuwa katika kampeni. William Ruto alizunguka nchi akisema uchaguzi ni kati ya mahasla, yaani watu wa kujitafutia riziki, na watoto wa wakubwa, na kila mtu alijua wanaosemwa. Uhuru Kenyatta, aliyekuwa anaondoka madarakani, ni mwana wa Jomo Kenyatta, rais wa kwanza. Raila Odinga alikuwa mwana wa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza. Gideon Moi, aliyekuwa seneta wa Baringo, ni mwana wa Daniel arap Moi. Ukitaka kuandika kichekesho chochote juu ya siasa za mwaka ule, ungeandikaje bila kugusa mtoto wa mwanasiasa? Urithi wa madaraka ndio uliokuwa hoja yenyewe, uwe unaukubali au unaukataa. Nilijaribu kulifanyia sharti langu ukarabati, nikisema wale walikwisha kuwa wanasiasa wenyewe, hawahesabiki. Lakini moyoni nilijua kwamba nimeshatoboa tundu, na kwamba sijui tundu hilo linaishia wapi.

Oktoba ikafika. Muhoozi akaandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Wakenya hawakulala usiku ule. Vichekesho vilimiminika kutoka kila kona, na baada ya siku chache Rais Museveni mwenyewe akawaomba radhi Wakenya kwa niaba ya mwanawe, aliyeondolewa kwenye ukamanda wa majeshi ya nchi kavu na papo hapo akapandishwa kuwa jenerali kamili.

Asubuhi moja wiki ile tulikuwa mezani tunapanga skripti za onyesho la mwisho wa wiki. Kijana mmoja, mgeni kazini, alileta yake. Jenerali amefika mpakani na kifaru, akakuta njia imefungwa kwa msongamano wa magari, akaamua kupanda matatu. Makanga anamwambia kifaru ni mzigo, na mzigo unalipiwa nafasi ya abiria watatu. Jenerali anatishia vita. Makanga anamjibu kwamba vita ni sawa, lakini nauli kwanza. Meza nzima ilicheka, nami nilicheka. Kisha nikasema lile nililozoea kusema, kwamba huyu ni mtoto wa rais na hapa watoto hatuwaandiki.

Kijana akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, mtoto huyu ana miaka mingapi?"

Nikamwambia ana miaka 48.

"Mimi nina 24," akasema. "Akija na jeshi lake, dada, mtoto nitakuwa mimi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Skripti ile ilipanda jukwaani kama alivyoiandika. Nilikaa nyuma ya ukumbi nikiwatazama watu waliolipa kiingilio wakicheka hofu yao wenyewe, maana maneno ya vita yanapotoka kwa mwenye jeshi yanatisha hata yakiwa ya kipuuzi. Niliona kazi ambayo kichekesho kile kinafanya. Kilimshusha jenerali mpaka akalingana na abiria wengine, akaambiwa atoe nauli. Kumnyima raia kicheko kile kwa kisingizio cha kulinda mtoto kungekuwa kumdhulumu raia.

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani pwani. Baba ni mzee sasa, siasa aliziacha zamani, na jioni hukaa barazani na birika la kahawa na wazee wenzake. Nilisubiri wenziwe waondoke, nikamuuliza kama anaikumbuka harambee ya shule na maneno ya mshereheshaji. Hatukuwahi kuyazungumza hata mara moja.

"Nayakumbuka sana," akasema. "Kilikuwa kichekesho kizuri."

Nilishtuka. Akaniona, akaweka kikombe chini.

"Sikiliza, mwanangu. Ushuru ulikuwa umezidi. Wale akina mama walituandikia barua, hatukuisoma. Walikuja ofisini, tukawaambia waje kesho. Yule bwana kwa neno moja alitufanya tusikie. Wiki iliyofuata nilisimama mkutanoni nikajieleza, wakanizomea, nikajieleza tena. Hiyo ndiyo kazi niliyoiomba mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa nimekaa palepale meza kuu, na viatu nimevaa. Kwa nini hakuvitazama vyangu? Angevitazama vyangu, ningejibu. Wewe angetaka umjibu nini?"

Sina maneno mazuri kuliko hayo ya baba. Miaka yote ile nilikuwa nimekiweka kichekesho kizima katika kapu la uovu, nikisahau kwamba ndani yake mlikuwa na haki ya wauza mboga. Walistahili kucheka siku ile. Walikuwa wameibeba dhuluma kichwani pamoja na makapu yao, na mtu mmoja alikuwa ameipa jina mbele ya waliohusika. Kilichokosewa ni miguu. Mshereheshaji aliona ni rahisi kumwelekea msichana wa kwaya kuliko kumwelekea diwani aliyeketi hatua chache kutoka alipo yeye, kwa sababu msichana hawezi kumfanya lolote. Na hapo nikauona mzani niliokuwa nikiutafuta: anayesemwa ana la kujibu na ana pa kujibia?

Mzani huo si mgeni kwetu. Wazee wetu walikuwa nao katika utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kuambiana maneno ambayo kwa wengine yangeleta ugomvi. Mtani anaweza kufika msibani akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Ruhusa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye kulipana. Leo umenitania wewe, kesho zamu yangu, na sote wawili tunajua hivyo. Babu humtania mjukuu wa kike akimwita mke wake, na mjukuu ana ruhusa kamili ya kumwambia babu kwamba ni mzee, meno hana, hamtaki. Hata kwenye mchongoano wa uwanja wa shule sharti ni lilelile. Mahali ambapo mmoja anasema na mwingine amefungwa mdomo, utani umekwisha, kilichobaki ni uonevu.

Niliporudi kwenye mifano yangu ya Marekani nikiwa na mzani huo mkononi, niliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Saturday Night Live, kipindi kilekile ambacho mwandishi wake alisimamishwa Januari 2017 kwa ajili ya Barron, Machi mwaka uleule kilimfanyia kejeli dada yake, Ivanka Trump, kwa tangazo la kubuni la manukato, Scarlett Johansson akiigiza. Ivanka alikuwa na miaka 35, akiwa karibu sana na maamuzi ya baba yake, na mwezi huohuo ilitangazwa kwamba atakuwa na wadhifa rasmi Ikulu. Watoto wawili wa baba mmoja, kipindi kimoja, majira mamoja. Kumgusa mmoja kulikuwa kosa la kumsimamisha mtu kazi, na kumgusa mwingine kulikuwa kazi halali ya kejeli. Sioni unafiki hapo. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mwingine alikuwa mshauri wa rais.

Kwetu tuna methali ambayo huwapa watu ruhusa ya kusahau tofauti hiyo: mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimeisikia mara nyingi mezani kwetu, mtu anapotaka kupitisha mzaha juu ya mwanafunzi fulani kwa sababu tu baba yake ametajwa kwenye kashfa. Siikubali. Dini zetu mbili kubwa, kila moja kwa njia yake, zinafundisha kwamba mwana habebi dhambi ya baba. Sheria nazo zimesimama hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kuvunjiwa heshima na jina lake. Kanuni za wahariri wa magazeti nchini Uingereza zinakataza umaarufu au cheo cha mzazi kufanywa sababu pekee ya kuanika maisha ya mtoto. Hakuna aliyesema ulinzi huo unawafaa watoto wa maskini tu. Mtoto aliyezaliwa Ikulu hakuomba kuzaliwa Ikulu.

Basi sasa nafanyaje kazi? Ikija skripti yenye mtoto wa mwanasiasa, kwanza nauliza umri. Chini ya miaka 18 mjadala umekwisha, hata kama mzaha ni laini, hata kama ni wa kumsifu. Mzaha laini ukitoka kwenye televisheni huwa mgumu ukifika uwanja wa shule, na mwandishi hayupo pale kuulainisha. Akiwa mtu mzima, nauliza amefanya nini yeye mwenyewe. Kama anaishi maisha yake, ana duka lake, anasoma chuo chake, wala hajatumia jina la nyumbani kufunguliwa mlango wa serikali, namwacha. Kama ameteuliwa, ameshika fedha za umma, ameamrisha polisi au amepanda jukwaani kutuambia tufuate nini, basi ameingia uwanjani kwa miguu yake. Hapo tunamwandika, tena kwa yale aliyoyafanya. Sura yake, ugonjwa wake, ndoa yake na uzazi wake havimo.

Chukua mfano wa Charlene Ruto. Mwaka 2022, muda mfupi baada ya baba yake, William Ruto, kuapishwa kuwa rais, alijitokeza akizungumzia ofisi ya binti wa rais. Wakenya wakauliza ofisi hiyo imetoka wapi katika Katiba, na vichekesho vikafuata. Yeye akajibu kwamba ni ofisi yake binafsi na haigharimiwi na mlipa kodi. Kwangu huo ulikuwa mjadala mzuri. Mtu mzima alisema jambo hadharani, raia wakamhoji kwa mzaha, akapata nafasi ya kujieleza, na anayetaka kumwamini alimwamini. Lakini katikati ya vichekesho vya ofisi walijipenyeza watu waliomsema umbo na mavazi. Hao hawakuwa wanahoji chochote. Skripti ya namna hiyo ikija mezani kwangu, nairudisha.

Wanasiasa nao nina neno nao. Haiwezekani umpandishe mwanao mdogo jukwaani acheze mbele ya umati, umvalishe fulana yenye sura yako, umtume akuombee kura mbele ya kamera, halafu mchekeshaji akikusema ulie kwamba familia imeingizwa katika siasa. Aliyeiingiza ni wewe. Mimi na wenzangu bado hatutamgusa mwanao, lakini wewe uliyemleta tutakusema, na utajua kwa nini. Na kwa wale wenye wana makamanda, wabunge na mawaziri: msituletee machozi ya mzazi. Mtu anayeweza kumtia raia ndani hahitaji kulindwa dhidi ya kicheko cha raia huyo. Mahakama ya Katiba ya Uganda yenyewe, Januari 2023, ilikibatilisha kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichofanya mawasiliano ya kuudhi kuwa jinai. Majaji waliona kile ambacho Kakwenza alikilipia kwa mgongo wake.

Wenzangu wa jukwaani nawaomba jambo moja gumu. Mnapomtafuta wa kumsema, msimchague kwa sababu ni rahisi. Karibu na kila mtoto mnayeweza kuuchekesha umati kwa ajili yake kuna mtu mzima aliyefanya uamuzi, na mara nyingi mtu huyo amekaa meza kuu, ndiye mgeni rasmi, na huenda ndiye anayelipia onyesho. Kumgeukia yeye kunahitaji moyo. Kuna wachekeshaji wa nchi zetu waliokamatwa kwa kufanya hivyo, na sitajifanya kwamba hatari hiyo haipo. Mchekeshaji Mtanzania Idris Sultan alijikuta mikononi mwa polisi mwaka 2020 baada ya kuicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Lakini kama hatuthubutu kumsema baba, tusijifanye mashujaa kwa kumsema mwana aliye shuleni.

Nimebadilika, na naona nimepata zaidi ya nilichoacha. Zamani nililinda jina la ukoo, na chini ya jina hilo walijificha watoto na majenerali pamoja. Sasa namlinda mtoto, na namwacha jenerali asimame peke yake mbele ya watu anaowatawala. Wakubwa wana mikutano, wana redio, wana wasemaji wanaolipwa mshahara. Pa kujibia wanapo. Tuwape la kujibu.